Nyumba Namba Ishirini

Kwetu tarehe zilikuwa na wenyewe.

Tarehe tano ilikuwa ya kampuni ya mikopo ya Kitengela. Tarehe kumi na mbili ilikuwa ya benki. Tarehe ishirini ilikuwa ya mkopo wa simu wa baba. Tarehe ishirini na nane ilikuwa ya chama cha mama, kile cha wanawake kukopeshana. Siku zingine tulikuwa watu wa kawaida tu.

Tarehe hizo zikifika, mama alikuwa anaficha simu ndani ya mkebe wa unga. Alisema unga unazima sauti. Uongo! Simu ilikuwa inatetemeka huko ndani mpaka mkebe unatembea kwa meza.

"Sheryl, funika mkebe."

"Umefunikwa, mami."

"Basi weka sufuria juu."

Sheryl ndiyo mimi. Niko na miaka ishirini na tatu. Nimemaliza college, niko na diploma ya biashara, na watu husema naongea kama redio iliyokwama. Ni kweli. Leo lakini naongea juu ya kitu nilifanya mimi mwenyewe, na nikikikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nitasema yote. Habari nzuri iko, iko mbele, ngojeni.

Baba yangu anaitwa Joram Mugo. Alikata mawe kwa quarry miaka mingi. Mawe alikuwa anauza kwa bei nzuri, kwa hivyo kila mwaka alijenga vyumba viwili, vitatu vya kupangisha. Si nyumba za maana. Chumba kimoja, mabati juu, choo cha pamoja, maji ya tanki. Kodi ni elfu tatu mia tano kwa mwezi. Watu wa kawaida wanaweza kulipa, ndiyo maana hazikai tupu.

Tulikuwa na vyumba nane Kitengela mjini. Vitano karibu na quarry. Sita hapa Isinya, kwa ploti tunayoishi. Jumla kumi na tisa.

Sasa mtu angesema, "Hawa ni matajiri." Hata sisi tulidhani hivyo! Lakini kila mara baba alipojenga, alichukua mkopo mpya kabla ya kumaliza ule wa zamani. Mikopo ikawa minne. Kila mmoja na riba yake, kila mmoja na tarehe yake. Kodi yote ilikuwa elfu sitini na sita na mia tano. Mikopo ilikuwa inakula elfu sabini na moja. Hesabu hiyo hata mtoto wa nursery anaona haitoki.

Siku moja watu wa mkopo wa simu walimpigia mchungaji wetu. Eti baba ameandika namba yake kama rafiki wa karibu. Mchungaji alikuja baada ya ibada, akainama, akamwambia baba kwa sauti ya chini. Sauti ilikuwa ya chini, lakini kanisa lote lilikuwa limenyamaza. Baba aliangalia viatu vyake mpaka tukafika nyumbani.

Wiki hiyo barua ikaja. Kampuni ya Kitengela ilisema tukikosa kulipa kwa miezi mitatu, ile ploti ya vyumba nane itauzwa.

Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka kwa mkebe pamoja na simu.

*

Aliyetuokoa alikuja kukopa unga.

Huyo ni Syokau, jirani yetu. Anafanya kazi kwa sacco moja Kitengela, upande wa mikopo. Mama pia ni mwanachama huko. Jumamosi moja alifika mlangoni na bakuli.

"Mama Sheryl, niazime unga vikombe viwili. Duka imefungwa na wageni wangu washaketi."

"Chukua tu kwa mkebe, jirani," mama akasema bila kufikiria.

Woiye! Syokau akatia mkono, akatoa simu. Ilikuwa inalia. Imejaa unga kama andazi. Halafu akatoa barua.

Hakuna mtu alicheka. Mama alifunika uso na leso.

Syokau alipangusa simu kwa sketi yake. Akaizima. Akaketi.

"Wageni watangoja," alisema. "Mikopo ni mingapi?"

"Miwili," mama akasema.

"Mama Sheryl."

"Minne."

Baba alitoka nje ya chumba. Syokau akamwita arudi. "Baba Sheryl, kuja. Mimi huona watu kama nyinyi kila siku. Mikopo minne si wizi. Ni kukosa kuuliza."

Akatoa funguo kwa mkoba. Zilikuwa nyingi, ziko kwa ringi moja.

"Angalieni. Sasa hivi nyinyi mna funguo tatu, kila moja iko kwa mfuko wa mtu tofauti. Ploti ya Kitengela iko na huyu, ya quarry iko na yule, hii ya Isinya iko kwenu. Lakini sacco inaweza kuwapa mkopo mmoja, inalipa ile minne yote, na ploti zote zinasimamia huo mmoja. Funguo zote kwa ringi moja. Mnalipa siku moja tu kwa mwezi."

"Na riba?" nikauliza haraka. Nilitaka waone nimesoma.

"Iko chini kuliko hiyo ya simu, kwa mbali. Mkichukua miaka sita, mtalipa kama elfu arobaini na saba kwa mwezi. Lakini sikilizeni, sitawadanganya. Miaka sita ni mirefu. Mwishowe riba yote ukiijumlisha si kidogo. Mkipata pesa, lipeni mapema."

"Na chumba kikikaa tupu?" baba akauliza.

"Hiyo ndiyo uzuri yake. Kitengela vikikaa tupu viwili, Isinya imejaa, mnajikimu. Vyumba vinasaidiana." Alitikisa ringi. "Ubaya ni huu. Ringi ikipotea, funguo zote zimepotea. Mkishindwa kulipa, si ploti moja inaenda. Ni zote. Hata hii mnalala."



"Ndiyo maana kuna kitu lazima muitishe kabla ya kusign," Syokau akaendelea. "Iandikwe kwamba siku mkitaka kuuza ploti moja, mnalipa sehemu yake, na title yake, ile hati ya ardhi, inatolewa. Zingine zinabaki. Ringi inayofunguka. Isipoandikwa, msisign. Hata mimi nikiwaambia ni sawa, msisign."

"Wewe ni mtu wa sacco na unatuambia hivyo?" baba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu wiki hiyo.

"Mimi ni jirani. Na unga sijapewa."

Kabla ya kuenda alituambia vitu vya kuleta. Title zote. Sahihi ya mama, kwa sababu mke lazima akubali. Idhini ya bodi ya ardhi, kwa sababu hapa Isinya bado ni ardhi ya shamba. Na orodha ya nyumba zote, nani anakaa, analipa ngapi. Mtu wa kupima bei ya nyumba atakuja akiwa na hiyo orodha.

"Orodha niachieni mimi!" nikasema. "Hiyo ni kazi ya kompyuta."

Aki, afadhali ningenyamaza.

*

Kwa kona ya ploti yetu ya Isinya kuna nyumba nyingine. Hiyo sikuwa nimeihesabu. Ni ya Koko Kuntai.

Koko ni bibi kwa Kimaasai. Si bibi yangu wa damu, lakini ndiye alikaa na mimi mama akienda sokoni. Kila asubuhi analeta maziwa kwa jagi ya bluu. Ananisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," mimi najibu, "Iko," halafu ananiuliza mbona sijaolewa.

Baba alinunua ploti hii kwa mume wake, marehemu Mzee Kuntai, miaka kumi na saba iliyopita. Siku hiyo mzee alimwambia baba, "Ardhi nimekuuzia. Nyumba si yangu kuuza. Ni ya huyu aliyeijenga." Kwa Wamaasai nyumba ni ya mama. Yeye ndiye huijenga kwa mikono yake. Hata mzee wake hawezi kuigusa. Baba alikubali. Alimpa Koko blanketi nyekundu mbele ya wazee, wakanywa chai. Akasema ile kona itapimwa, itolewe kwa title, iandikwe jina la Koko.

Haikupimwa. Mwaka huo pesa haikuwa. Mwaka uliofuata tulijenga. Mzee akafa. Title ikabaki moja, jina moja: Joram Mugo.

Sasa mimi hapo na kompyuta yangu. Nimeandika namba moja mpaka kumi na tisa. Orodha ilikuwa inapendeza! Lakini mtu wa kupima akija, ataona nyumba ya ishirini. Atauliza, huyu ni nani? Nikiandika halipi, ataona shida. Nikiandika ni yake, title inasema si yake. Loan itachelewa, na barua ya Kitengela ilikuwa inahesabu siku.

Nikaandika: "Nyumba namba 20. Mpangaji: Bi. Kuntai. Kodi: 3,500."

Ishirini. Namba tamu, imekaa sawa. Nikapiga chapa.

Baba alisoma. Alifika mwisho wa karatasi akaweka kidole hapo. Halafu akasema, "Ni sawa, ni ya kompyuta." Mama alisoma akauliza kama chai iko.

Mtu wa kupima alikuja Jumanne. Kijana nadhifu, viatu vya kung'aa kwa vumbi yetu. Alipima kila chumba. Akafika kona. Koko alikuwa ameketi nje, anasafisha kibuyu cha maziwa na kijiti kilichochomwa.

Kijana akasoma kwa sauti. "Namba ishirini. Mpangaji. Shosho, unalipa elfu tatu mia tano, sindio?"

Kijiti kikasimama ndani ya kibuyu.

Koko hakumwangalia baba. Hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi.

"Ndiyo," akasema. "Nalipa."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na wanakutunza vizuri?"

"Ni watu wazuri," Koko akasema. Akarudi kusafisha kibuyu.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Sikujua niiweke wapi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata hiyo ardhi haikuwa yetu.

Asubuhi iliyofuata jagi ya bluu ilikuja kama kawaida. Maziwa yalijaa mpaka juu. "Takwenya," Koko akasema. Nilijibu. Hakuniuliza juu ya kuolewa.

*

Mama hupokea kodi ya Isinya Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Anatoa meza nje, na kitabu, na wapangaji wanapanga laini. Wengine hutuma kwa simu, lakini wale wa hapa wanapenda kuja kupiga stori na kulalamika juu ya choo.

Jumamosi hiyo nilikuwa naandika risiti. Namba kumi na tano alilipa. Kumi na sita. Dennis, kijana wa boda boda wa namba kumi na tisa, alilipa nusu akaapa juu ya hiyo nyingine. Nikasema, "Anayefuata."

Alikuwa Koko. Amevaa lile blanketi nyekundu la baba. Limeisha rangi, limeshonwa pembeni.

"Namba ishirini," akasema.

Mama alisimama. "Koko, hapana. Rudi nyumbani, tafadhali."

"Andika, Mama Sheryl."

"Koko, ile ilikuwa ni ya karatasi tu..."

"Yule mtu aliniuliza. Nikasema nalipa. Mimi sijadanganya mtu wa serikali tangu nizaliwe."

"Si wa serikali, Koko."

"Alikuwa na kalamu."

Akafungua kitambaa. Pesa zilikuwa zimekunjwa ndogo ndogo. Akaziweka mezani moja moja, mia tano, mia tano, elfu. Elfu tatu mia tano kamili.

Dennis hakuwa ameenda. "Ai! Mama Sheryl! Hata Koko mnamlipisha? Mimi na hii nusu yangu basi mtaniua!"

Watu wa laini walicheka kidogo. Halafu waliona uso wa Koko, wakaacha.

"Pesa umetoa wapi, Koko?" niliuliza.

"Nimeuza ile mbuzi ya masikio nyeusi."

Hiyo mbuzi niliijua. Mama yake alikufa, na mimi na Koko tuliilea kwa chupa ya soda.

"Usijali," akaniambia. "Pesa imebaki ya mwezi mwingine."

Akaenda. Hakuchukua risiti.

Mama alifunga kitabu na laini bado iko. Tuliingia ndani mimi na yeye. Baba alikuwa anasikia yote kwa dirisha.

"Ni nani aliandika?" mama akauliza, na alijua.

"Ni mimi."

"Na ni nani alisoma?"

"Ni mimi," baba akasema. "Nikaona. Nikaona vizuri kabisa, Mama Sheryl. Nilisema moyoni, ni karatasi tu, yeye hatajua. Mzee Kuntai aliniamini mbele ya watu, na mimi nimemfanya mke wake mpangaji."

"Hata mimi niliona," mama akasema. "Nikaulizia chai."

Alichukua zile pesa, akaangalia mahali pa kuziweka. Hakutaka kuziweka kwa kipochi pamoja na zingine. Mwishowe alizitia kwa mkebe wa unga.

*

Jumatatu saa tatu nilikuwa mbele ya meza ya Syokau pale sacco. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kwa njia. Yote yalipotea. Nilisema tu, "Namba ishirini si mpangaji. Nilidanganya."

Nikaeleza yote, hata mbuzi.

Syokau hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa ile faili yetu, akaangalia orodha yangu nzuri.

"Umesoma biashara, sindio?"

"Ndiyo."

"Walikufundisha kuandika hivi?"

"Hapana."

Akatoa funguo zake, ile ringi. Akashika moja.

"Sheryl, hizi ni zangu. Nikipoteza, nimejipotezea. Sasa wewe umechukua ufunguo wa mtu mwingine, umeweka kwa ringi yenu, na mwenyewe hajui. Miaka minne kutoka leo baba yako augue, mshindwe kulipa. Sacco inauza ploti zote. Anayenunua anakuja Isinya anamwambia yule mama, toka. Atasema nini? Kwa karatasi ni mpangaji. Na yeye mwenyewe alisema ndiyo."

Sikuwa nimefika huko kwa akili. Kweli tena. Nilidhani ni herufi tu. Nililia hapo hapo, na watu wa laini ya nyuma wakaniona.

"Pangusa uso," Syokau akasema. "Umekuja kabla ya kusign. Hiyo inasaidia. Ukificha mtu kwa orodha, au kodi, au deni lingine, loan inaweza kusimamishwa, na unaweza kupelekwa kortini. Mimi lazima nimwambie mkubwa wangu. Na mtalipa yule mtu wa kupima arudi tena."

"Tutalipa. Lakini barua ya Kitengela?"

Alifikiria. Akaandika kwa karatasi.

"Tufanye kwa hatua mbili. Kwanza, tuchukue ploti mbili, ya Kitengela na ya quarry. Hizo ni safi. Hazina mtu mwingine ndani. Zinaweza kubeba mkopo wa kulipa kampuni ya Kitengela, benki na ule wa simu. Barua inakufa. Ile ya Isinya tuiache kando. Mkipima kona ya huyo mama, itolewe, apate title yake, mtaniletea title mpya ya sehemu yenu. Tutaiongeza kwa mkopo huo huo, na tulipe chama."

"Kwa hivyo chama kitangoja?"

"Kitangoja. Na mama yako ndiye ataenda kuwaambia."

Mama alienda. Alisimama mbele ya wanawake kumi na wanane wa chama, akasema hana pesa na kwa nini hana. Walimpa miezi minane. Mmoja alimwambia, "Tungejua mapema tusingekupigia simu hivyo."

*

Kwa Koko tulienda wote watatu. Baba alibeba blanketi mpya. Koko aliliangalia akalirudisha.

"Hii ya kwanza haijaisha."

Tukaketi. Baba alianza kuzunguka na maneno, mara mvua, mara ng'ombe. Koko akamkata.

"Mugo. Mzee wangu alikuambia nini?"

"Kwamba nyumba ni yako."

"Na ardhi chini ya nyumba ni ya nani? Nyumba yangu inaelea?"

Baba aliinamisha kichwa. "Nilisema nitapima. Miaka kumi na saba nasema. Nimekosa, mama. Nimekosa kwako na kwa mzee."

"Koko," nikasema, "ni mimi niliandika."

"Najua. Baba yako hawezi kuandika namba nzuri hivyo."

Nilitoa zile elfu tatu mia tano. Alizisukuma.

"Kodi ikilipwa imelipwa."

"Koko, tafadhali."

"Nimesema. Peleka mahali ilikuwa."

Basi zikarudi kwa mkebe wa unga. Kila siku nikipika nilikuwa naziona. Nawaambia, hakuna chapati niliila vizuri mwaka huo.

*

Sasa habari nzuri! Nilisema iko mbele.

Mkopo wa kwanza ulitoka baada ya wiki tano. Kabla ya kusign, baba aliuliza Syokau, "Ringi inafunguka?" Syokau akamwonyesha mstari kwa karatasi. Tukilipa sehemu ya ploti ya quarry, title yake inatolewa, ya Kitengela inabaki. Nilimsomea baba mstari huo mara mbili, na mama mara moja, kabla hata mtu ashike kalamu. Barua ya Kitengela ikaisha. Mkopo wa simu ukaisha, na baba akaenda mwenyewe kumwomba mchungaji msamaha.

Kupima kona ndiko kulichukua muda. Kwanza mpango ulipelekwa ofisi za county. Halafu tukaenda mbele ya bodi ya ardhi. Walimuuliza mama kama anakubali kona itoke, akasema anakubali. Lemein, mjukuu wa Koko anayefanya kazi ya clearing, kupitisha mizigo mpakani kule Namanga, alikuja kusimama na bibi yake. Alisalimia kila mtu. Baba alimsalimia mwisho, kwa adabu nyingi, kwa sababu Lemein hakuwa anacheka. Halafu faili ikaenda ofisi ya ardhi Kajiado. Miezi saba yote. Niliuliza mpaka askari wa mlango akajua jina langu.

Siku mpima ardhi alikuja kuweka bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, tulitoka wote kuangalia. Alivuta kamba. Akaweka moja, akaweka ya pili. Ya tatu akasimama. Akaangalia karatasi. Akaangalia tanki letu la maji.

"Hii tanki ni ya nani?"

"Ni yetu," baba akasema.

"Iko ndani ya kona ya huyu mama. Hatua mbili nzima."

Lemein alicheka mpaka akashika magoti. Hapo ndipo nilijua tumesamehewa upande wake. Baba alisema haraka, "Tutaihamisha! Hata leo!"

Koko alizunguka tanki polepole. Akaligonga na mkono. Likalia, lilikuwa limejaa.

"Tanki ni yenu," akasema.

"Ndiyo, Koko."

"Na ardhi?"

Baba akajibu, "Ni yako, Koko."

"Basi mnakaa kwangu." Akageuka. Akaniangalia mimi, yale macho ya ile siku ya kibuyu. "Wewe mwenye kuandika. Kodi ya Isinya ni ngapi?"

"Elfu tatu mia tano," nikasema.

"Mnalipa?"

"Tunalipa."

Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na zile pesa. Zilikuwa zile zile, zimekunjwa vile vile, zimejaa unga. Koko akazipiga kwa goti lake, unga ukaruka mpaka kwa blanketi nyekundu. Akazihesabu mbele ya kila mtu, mia tano, mia tano, elfu. Akazifunga kwa kitambaa.

"Za kila mwezi wacheni," akasema. "Hii inatosha. Lakini maji nachota bure."

"Chota, Koko!"

"Na wewe, mbona hujaolewa?"

Aki sikuwahi kufurahia hilo swali hivyo.

Title ya Koko ilitoka, jina lake mwenyewe, na ya kwetu ikatoka ikiwa ndogo kidogo. Tuliipeleka sacco, chama kikalipwa kabla ya miezi minane kuisha. Siku hizi tunalipa tarehe kumi tu, elfu arobaini na saba na mia nne. Kodi ikiingia inatosha, na inabaki ya kurekebisha choo. Simu ya mama inakaa mezani, inalia, anaishika.

Orodha niliiandika upya. Iko na nyumba kumi na tisa. Yule kijana wa kupima aliporudi na viatu vyake, alisimama kwa kona akauliza, "Na hii?"

Koko alikuwa nje na kibuyu chake. Alisimamisha kijiti, akangoja kusikia nitasema nini.

"Hiyo ni ya Koko Kuntai," nikasema. "Sisi tuko na tanki tu hapo, na kodi tumelipa."

Kijiti kikaendelea.